Mlimani, UDOM, SUA au Stella Maris: tulinganishe kabla mtoto wa Mtwara hajajaza fomu

Wiki matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kibaraza changu hapa Masasi hakipoi. Safari hii aliyetangulia ni mpwa wangu kutoka Newala, mtoto wa dada yangu mkubwa: HGL (historia, jiografia na Kiingereza), Divisheni One. Nyuma yake baba yake, na mkononi mwa baba simu yenye orodha ya "vyuo vikuu 10 bora Tanzania". Kwetu huku neno la mjomba bado lina uzito, kwa hiyo shemeji alikuja kulichukua aliunganishe na lake.

"Shemeji, mwambie mpwao," alisema hata kabla ya kukaa. "Ni Mlimani. Hivyo vingine ni vyuo vya kata."

Mlimani ndicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpwa hakujibu. Anataka ualimu wa historia na Kiingereza, na siku nyingine anataka sheria. Binti wa jirani, aliyemaliza CBG (kemia, biolojia na jiografia), alikuja kuazima chaja akabaki mlangoni akisikiliza, maana naye baba yake ana orodha hiyo hiyo.

Nimefundisha sekondari miaka ya kutosha kuwaona watoto waliofuata jina la chuo wakarudi mwaka wa pili wamedisko, yaani wameondolewa chuoni kwa kufeli, na wengine waliosomea chuo kisichotajwa na mtu ambao leo ndio wakuu wa shule. Nimewaona pia waliokwenda Mlimani wakafunguka macho kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo siko upande wa wanaodharau majina makubwa. Ninachoshika ni kwamba chuo hakilinganishwi na chuo kingine kizima kizima kama timu za mpira. Tunapaswa kulinganisha kozi na kozi, kisha tuangalie ni mlango gani unaomsubiri mhitimu wa kozi hiyo na nani anaulinda.

Orodha hizi zinapima nini

Ile ya shemeji ilikuwa ya Webometrics, kama zilivyo nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Inatayarishwa Hispania tangu 2004, na kwa miaka mingi imekuwa ikitoka Januari na Julai. Hiyo ya Julai ndiyo inayogongana na matokeo yetu. Nusu nzima ya alama zake, asilimia 50, inatokana na tovuti ya chuo: ni tovuti ngapi za nje zinazoelekeza watu kwake. Asilimia 40 ni makala za kitafiti zinazonukuliwa sana, na 10 zilizobaki ni watafiti wanaonukuliwa. Chuo kikiajiri vijana watatu hodari wa kompyuta na kuweka mtandaoni tasnifu zake zote kinaweza kupanda, na hakuna mwanafunzi atakayefundishwa vizuri zaidi kuliko jana. Nilipomweleza shemeji hilo alinitazama kama nimemwambia mzani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, unapima gunia bila korosho ndani.

QS ya Uingereza ina jina kubwa zaidi. Tangu toleo la 2024, asilimia 30 ya alama zake ni maoni ya wanataaluma na 15 ni maoni ya waajiri. Yaani asilimia 45 ni kuuliza watu: unavisikia vyuo gani? Anayesikika huzidi kusikika. Katika toleo hilo hilo kipimo cha uwiano wa walimu na wanafunzi, ambacho ndicho pekee kilichokaribia kumgusa mtoto darasani, kilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Vyuo vikapanda na kushuka duniani kote, na hakuna aliyebadilisha hata chaki.

Ya Shanghai, iliyoanza 2003, inahesabu tuzo za Nobeli, medali ya Fields ya hisabati, na makala katika majarida mawili makubwa ya sayansi. Kipimo chake cha walimu kinatambua Nobeli za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Ya fasihi haimo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent miaka mingi, alipata Nobeli ya Fasihi 2021. Katika kipimo hicho hiyo haina alama. Mpwa wangu wa historia na lugha alisikia hilo akainua uso kwa mara ya kwanza. Orodha inayodhaniwa kupima vyuo vyote haina mahali pa kuweka kitu anachotaka kusoma yeye.

Times Higher Education yenyewe haikiangalii kabisa chuo ambacho hakijachapisha makala zisizopungua 1,000 ndani ya miaka mitano. Hapo vyuo vingi vya Tanzania vinaachwa mlangoni, vibovu na vizuri pamoja. Kwa hiyo mzazi anaponiambia "Stella Maris haimo hata kwenye orodha", namjibu kwamba haimo kwa sababu haijaingizwa kwenye mizani, na kitu ambacho hakijapimwa hakina kilo.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo yote. Taasisi ya Kiswahili ya Mlimani imetengeneza kamusi ambazo kila mwalimu wa lugha nchini anazitumia, mimi nikiwamo, na kazi hiyo imelea vizazi. Lakini orodha hizi zinakula makala, hasa za Kiingereza, zilizomo kwenye hazina za majarida ya kimataifa. Kamusi ya Kiswahili haihesabiki. Tunachukua mzani uliotengenezwa kwa bidhaa za wengine, tunajipima, halafu tunajiona wepesi.

Mtoto wa Lupaso na chuo kilichoporomoka

Hapa Masasi kuna mfano mzuri kuliko yote. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso 1938, akapita Ndanda, akaenda Makerere kusoma Kiingereza, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akasoma mahusiano ya kimataifa Columbia, New York. Wazee wa huku humtaja mtoto akifaulu: "Atafika alikofika Mkapa."

Columbia hiyo, mwaka 2021, ilishika nafasi ya 2 katika orodha ya Marekani ya U.S. News. Februari 2022 profesa wake wa hisabati, Michael Thaddeus, akakaa chini akazihakiki takwimu ambazo chuo chake chenyewe kilipeleka. Chuo kilidai zaidi ya asilimia 80 ya madarasa yake yana wanafunzi chini ya 20; yeye akahesabu na kukuta ni chini ya asilimia 70. Mengine pia hayakulingana. Chuo kikakiri makosa, na Septemba mwaka huo kikajikuta nafasi ya 18. Mwaka uliofuata kikatangaza kuacha kupeleka takwimu zake.

Kutoka 2 hadi 18 ndani ya mwaka mmoja. Maktaba ni ile ile, walimu ni wale wale. Je, shahada ya mzee wetu wa Lupaso ilishuka thamani nafasi 16? Shemeji alicheka, lakini alielewa. Na si Columbia peke yake. Novemba 2022 shule za sheria za Yale na Harvard zilijitoa kwenye orodha hiyo hiyo, na 2024 Chuo Kikuu cha Zurich kikatangaza kujitoa kwenye ile ya Times Higher Education. Wenye majina makubwa kuliko wote wanaanza kuitilia shaka mizani, sisi ndio kwanza tunaibandika ukutani.

Ualimu: Mlimani, UDOM, Stella Maris

Hapa nitakaa, kwa sababu ndiko watoto wetu wengi wa HGL, HKL na HGK wanakoelekea.

Kwanza wazazi wajue kwamba ukisema "Mlimani" kwa ualimu unasema vitu vitatu. Kuna Mlimani yenyewe, kuna DUCE ya Chang'ombe na kuna MUCE ya Iringa. Hizi mbili ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na shahada inatolewa na chuo hicho hicho. Mtoto anayesoma Iringa anatoka na cheti chenye jina analolilia baba yake, kwa gharama ya maisha ya Iringa. Tena kwa sisi wa Masasi na Nanyumbu, Iringa inafikika kwa lami ya Tunduru na Songea bila kukanyaga Dar.

UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianzishwa 2007, ikabuniwa kuchukua wanafunzi 40,000, na mabweni yamejengwa kwa hesabu hiyo. Hili la mabweni watu huliona dogo. Mlimani, hata baada ya Mabweni ya Magufuli kufunguliwa 2017 yakiwa na nafasi 3,840, wengi bado wanapanga mitaani. Mtoto wa Newala ambaye hajawahi kulala Dar anapewa boom, hela ya kujikimu ya mkopo, Sh10,000 kwa siku, humo alipe chakula, chumba na daladala. Mwezi wa pili anakula mlo mmoja. Nimepokea simu za namna hiyo usiku, si mara moja. Kule Dodoma mtoto anaamka bwenini anatembea hadi darasani.

Stella Maris iko hapa hapa Mtwara. Ilianza 2009 kama chuo kikuu kishiriki cha SAUT ya Mwanza, mali ya Kanisa Katoliki, na ualimu ni katika kozi zake za msingi. Ada ya chuo binafsi mara nyingi iko juu ya ile ya chuo cha umma, na hilo lazima lipigiwe hesabu kwa uaminifu. Lakini weka upande wa pili wa mzani: nauli ya kilomita 560 kwenda Dar, mara mbili au nne kwa mwaka, chumba, na miezi ambayo mkopo umechelewa na nyumbani ni mbali. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar, waliosoma mbali walijua maana ya neno mbali.

Na kuna kalenda ya korosho, ambayo hakuna orodha ya dunia inayoijua. Vyuo vinafunguliwa kuelekea mwisho wa Oktoba au Novemba. Minada nayo huanza Oktoba, na malipo ya stakabadhi ghalani hayaji siku ya mnada. Mzazi anatakiwa atoe ada, godoro na nauli wakati gunia lake bado liko ghalani. Anayesoma karibu anaweza kuanza na nusu, akarudi nyumbani Jumamosi akachukua unga. Anayesoma Dar hawezi.

Nieleze na darasa lenyewe. Nilisoma shahada yangu katika chuo kikubwa cha umma ambacho sitakitaja. Somo la kwanza la mwaka wa kwanza tulikuwa mamia, wengine tumesimama madirishani. Seminari zilikuwa na mkufunzi msaidizi aliyekuwa amemaliza shahada mwaka uliopita. Karatasi za jaribio zilirudi baada ya UE, mtihani wa mwisho wa chuo, wakati hazinisaidii tena. Mdogo wangu alisoma chuo kidogo, na mwalimu wake alikuja kukaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, akaandika kurasa mbili za mapungufu yake, akarudi tena wiki iliyofuata kuona kama yamerekebishwa. Mimi nilijifunza kufundisha baada ya kuajiriwa, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ndio waliolipa gharama hiyo. Bado najuta kwa ajili yao.

Na mlango wa ualimu ni upi? Ni Sekretarieti ya Ajira. Mwanzoni mwa 2025 walimu walianza kuitwa kwenye usaili kama kada nyingine. Wa Mlimani na wa Stella Maris wanakaa chumba kimoja, wanapewa karatasi moja. Kwa ualimu, basi, hukumu yangu ni hii: MUCE kwa anayetaka jina na maisha nafuu, UDOM kwa anayeogopa kodi ya chumba, Stella Maris kwa ambaye familia haina mtu wa kumshika mkono mbali na nyumbani au kwa binti ambaye nyumbani kuna mgonjwa wa kumtazama. Mlimani yenyewe naiweka ya nne kwa ualimu, na shemeji alinuna niliposema hivyo.

Kilimo: hapa jina kubwa linadanganya waziwazi

Binti wa CBG alikuwa na swali moja: orodha ya baba yake inaiweka Mlimani juu ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, basi akasome kilimo Mlimani?

Historia inajibu. Chuo cha kilimo cha Morogoro kilikuwa kitivo cha Mlimani tangu 1969. Mwaka 1984 kikatolewa kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina la Edward Sokoine aliyefariki Aprili mwaka huo; ndicho SUA. Ndivyo pia Muhimbili na Ardhi, vyote viliwahi kuwa chini ya Mlimani, vikawa vyuo vikuu kamili 2007. Kwa hiyo jina la Mlimani lilibaki Dar, mashamba na maabara za kilimo zikabaki Morogoro. Baadaye Mlimani ilianzisha tena masomo ya kilimo, na kupitia mradi wa HEET wa vyuo vikuu ina kampasi yake Ngongo, Lindi. Nawatakia heri kwa moyo wote, kwa sababu Lindi imesubiri chuo kikuu cha umma muda mrefu, na ikisimama vizuri nitabadilisha ushauri wangu. Kwa leo, mwenye CBG anayetaka udongo na mimea nampeleka SUA.

Kisha aombe fildi TARI Naliendele. Kituo cha taifa cha utafiti wa korosho kiko kilomita chache kutoka Mtwara mjini, na kazi ya kupambana na ubwiriunga na kutafuta mbegu bora imefanyika humo. Mtoto aliyekua akimwona baba yake akipulizia salfa alfajiri, akisomea ugonjwa ule ule SUA na kuufanyia fildi Naliendele, huyo ana kitu ambacho hakuna chuo cha nafasi ya 1 duniani kinachoweza kumpa.

Tiba, uhasibu, gesi

Kwa tiba nitasema kwa ufupi. Sifa za chini za kuingia zinawekwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na ni zile zile kila chuo. Kinachotofautiana ni msongamano wa waombaji, na Muhimbili ndiko wanakosongamana. MD, shahada ya udaktari, ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini, kisha Baraza la Madaktari linasajili, bila kujali ulikotoka. Angalia hospitali ya kufundishia. Muhimbili ina wagonjwa wa kila aina. Bugando na KCMC zina hospitali za kanda. UDOM inatumia Hospitali ya Benjamin Mkapa. Zote nne ni mahali pazuri pa kujifunzia. Tofauti inayouma ni ada: chuo binafsi cha tiba kinaweza kudai mara kadhaa ya chuo cha umma. Mwenye alama za juu kabisa za sayansi aulizie Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali, kabla ya kitu kingine.

Uhasibu: NBAA, bodi ya wahasibu, ndiyo inayotoa CPA, cheti cha mhasibu kamili, na mtihani wake ni mmoja kwa wote. TIA, Taasisi ya Uhasibu, ina kampasi Mtwara. Anza huko, weka akiba, nenda ukafanye CPA.

Gesi ndiyo inayowapeleka watoto wengi pabaya. Tangu kisima cha Mnazi Bay, mtambo wa Madimba na bomba la kwenda Dar lililokamilika 2015, kila kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kutoka Msimbati hadi Kilwa anataka shahada ya petroli, nayo ipo Mlimani na UDOM. Lakini mradi wa LNG, gesi inayogeuzwa kimiminika, wa Likong'o, Lindi, umesubiriwa miaka mingi, na shahada nyembamba haisubiri mradi. Ningemshauri asome uhandisi wa mitambo, umeme au kemikali, popote palipo na karakana inayofanya kazi, kisha gesi ikija imkute. Bodi ya wahandisi inamsajili mhandisi wa mitambo aliyetoka chuo chochote kilichoidhinishwa.

Sheria

Huku ndiko jina la Mlimani lina mizizi. Chuo kilianza Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Majaji na mawakili wengi wa nchi hii wametoka humo. Mwanafunzi anayepata nafasi ya sheria Mlimani anaingia kwenye ukoo, na ukoo husaidia wakati wa kutafuta ofisi ya kufanyia kazi.

Lakini mlango wa uwakili ni Shule ya Sheria kwa Vitendo, na haumwonei mtu haya. Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wahitimu wa vyuo vya kila aina walikuwa humo, vyenye majina na visivyo na majina. Serikali ikaunda kamati kuchunguza. Kwa hiyo mpwa nilimuuliza: Kiingereza chako cha kuandika kikoje? Unaweza kusoma kurasa 60 za hukumu usiku mmoja na asubuhi ukaeleza hoja ya jaji? Akasema ukweli, kwamba anapenda zaidi kusimulia kuliko kubishana. Sikumkatisha tamaa. Nilimwambia tu kwamba kama ni sheria, hapo nakubaliana na baba yake: Mlimani kwanza, Mzumbe ya pili, na asikimbilie chuo kinachopokea kila mtu halafu kimwache mlangoni mwa Shule ya Sheria akiwa na deni.

Deni nalo halijui jina. Mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara, wa Mlimani na wa pengine sawasawa.

Pale jina linapolipa kweli

Nisimwonee shemeji. Kuna mahali jina linafungua mlango, na mzazi maskini ana haki ya kulijua hilo kuliko tajiri, kwa sababu tajiri ana milango mingine.

Anayetaka kuendelea na shahada ya pili Ulaya au Marekani, jina la Mlimani linasomeka. Lilijengwa miaka ya 1960 na 1970, Walter Rodney akifundisha na Museveni akisoma, Afrika nzima ikilitazama, na sifa ya wakati ule bado inawasafirishia barua vijana wa leo. Mashirika na benki kubwa za Dar pia huajiri kupitia marafiki wa chuoni, na hao marafiki wanapatikana Dar zaidi kuliko Mtwara. Mtoto wa Mtwara anapolala bweni moja na mtoto wa Bukoba na wa Pemba anapata nchi nzima kama ndugu. Hilo lina thamani, na kama familia ina uwezo wa kumlisha Dar miaka mitatu, mwache aende.

Majina ya nje yanahitaji tahadhari zaidi. Makerere, ya tangu 1922, ni jirani na mwenye heshima, ila mkopo wa Bodi haumfuati mtoto huko kama unavyomfuata Dodoma. IIT Madras ilifungua kampasi Zanzibar Novemba 2023, ya kwanza ya IIT yoyote nje ya India. Orodha ya taifa ya India imekiweka chuo hicho cha kwanza mfululizo tangu 2019, na ilipofungua kampasi hiyo QS ilikuwa imekiweka nje ya 200 bora za dunia. Chuo kile kile, mizani miwili. Kwa mtoto hodari wa hisabati, Zanzibar ni karibu na mafunzo ni ya hali ya juu. Aulize ada na ufadhili mapema. Lakini wakala anayekuja shuleni na vipeperushi vya chuo cha nje "kilichomo kwenye 500 bora", mwombeni kitu kimoja tu: mtoto akirudi, TCU itaitambua shahada hiyo? Akianza kuzunguka, mrudishieni kipeperushi chake.

Walichojaza

Maombi siku hizi yanatumwa moja kwa moja kwa kila chuo, na anayechaguliwa zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja kwa namba ya siri. Kwa hiyo mpwa hakulazimika kumaliza ugomvi wetu siku ile. Alitulia kwenye mkeka akaandika: ualimu MUCE, ualimu UDOM, sheria Mlimani, ualimu Stella Maris.

Shemeji alichukua karatasi akaisoma mara mbili. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hii MUCE, cheti chake kinaandikwaje?"

"Chuo Kikuu cha Dar es Salaam."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza nauli ya Iringa kupitia Songea ni kiasi gani, na kama mabasi yanalala Tunduru. Binti wa jirani alikuwa ameshamaliza yake, SUA juu kabisa, na saa kumi wote watatu walishuka kwa wakala wa simu kulipia ada za maombi kabla hajafunga.